Gari Ambalo Baba Hakuwahi Kuliendesha

Baba alichaguliwa kwa sababu hakutapika.

Tajiri wake alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa Mikindani, na alikuwa na ugonjwa wa mashindano ya magari. Alipohitaji mtu wa kukaa naye kiti cha kushoto, aliwapima vijana wa dukani mmoja mmoja. Alimpa kijana gazeti asome kwa sauti, kisha akaendesha kwa kasi kwenye barabara ya vumbi ya kupanda Nanyamba. Wa kwanza alitapika kabla ya kumaliza habari ya ukurasa wa mbele. Wa pili aliomba ashushwe, akarudi mjini kwa miguu. Baba alisoma habari zote, akasoma matangazo, akasoma salamu za rambirambi, na gari liliposimama akauliza kama kuna gazeti jingine. Tangu siku hiyo hakubeba tena marobota ya khanga. Akawa msomaji.

Nimeisikia hadithi hii tangu utotoni, na kila mara nilikuwa nikicheka pale pa rambirambi. Mwaka huu ndipo nilipoifikiria vizuri, na sasa hainichekeshi sana. Kijana wa miaka ishirini na kitu, ndani ya gari linaloweza kumuua, anasoma majina ya marehemu kwa sauti tulivu. Mimi ningekuwa yule wa pili, aliyerudi kwa miguu.

Kwa wasioijua kazi hiyo: dereva wa mashindano haoni barabara yote. Vumbi, kona na vilima vinamficha. Msomaji anakaa kushoto akimwambia kitakachofuata kabla hakijafika: kona ni ya upande gani, ni kali kiasi gani, kuna mchanga au jiwe. Dereva anayaamini maneno kuliko macho yake. Baba na Tajiri waliipita barabara ya Nanyamba asubuhi nyingi sana, ile barabara ya zamani, wakaipa kila kona namba. Moja ndiyo kali kuliko zote, tano unaipita bila kupunguza. Na pale ambapo barabara inapanda kisha inakatika, huoni kabisa kilicho upande wa pili, walipaita Bismillahi. Baba alisema, "Bismillahi, kisha kulia tatu," na Tajiri akaitikia kwa kukanyaga mafuta.

Gari lenyewe lilikuwa la kizazi ambacho hakikudumu. Kuna miaka michache, kabla sijazaliwa, ambapo watengenezaji wa Ulaya waliachiwa watengeneze magari ya mashindano watakavyo, nao wakatengeneza vitu ambavyo binadamu aliviendesha kwa kubahatisha. Bodi lilikuwa jepesi kama beseni la plastiki, tanki la petroli lilikaa karibu na makalio ya dereva, na injini ilikuwa ndogo lakini ina tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa mpaka inapata nguvu za malori mawili. Tatizo la tabo za wakati ule ni kwamba zilichelewa. "Unakanyaga leo, linaondoka kesho," Baba husema. "Lakini hiyo kesho ikifika, inafika yote kwa pamoja." Madereva walikufa, watazamaji walikufa, na mwishowe magari yale yakapigwa marufuku. Yaliyosalia yalikosa pa kwenda. Moja lilipita mikono kadhaa, likaishia kwa muuza vitambaa wa Mikindani, ambaye alilipenda hasa kwa sababu wenzake wote walimwambia asilinunue.

Baba alilijua gari lile kuliko mtu yeyote, ila hakuwahi kuliendesha. Tajiri hakumruhusu mtu. Hata kulitoa gereji ili lioshwe alilitoa mwenyewe. Alipozeeka, watoto wake wakiwa wamekwisha kuhamia ng'ambo, alimwita Baba akamwambia, "Lichukue wewe. Wanangu watalikata wauze chuma." Baba akalivuta kwa trekta mpaka kwetu, kijijini upande wa Ziwani, akaliingiza kwenye ghala la korosho. Mwanzoni hakuwa na leseni. Kisha hakuwa na petroli. Kisha tukazaliwa.

Mimi nimekua nikilijua kama kitu kilicho chini ya turubai, ambacho tulikatazwa kukipanda na kukifugia kuku. Mama aliliita mke mwenza. "Nilikuja nikamkuta," huwaambia wageni. "Hapiki, halimi, na turubai lake ni jipya kuliko khanga zangu."

Nina shahada ya bima na usimamizi wa vihatarishi. Miaka mitatu nilifundishwa kukitazama kitu kizima na kuandika kila namna kinavyoweza kuharibika. Nilikuwa hodari wa jambo hilo kabla hata ya kwenda chuo. Nikiwa mtoto niliamka kuhakikisha kwamba mlango umefungwa, kisha nikarudi kulala nikiwaza moto ukitokea tutapitaje kwenye mlango uliofungwa. Baada ya mahafali nilirudi nyumbani kungoja kazi. Nilituma maombi mjini, nikatuma kwa watu wa gesi, nikatuma Dar es Salaam. Nikishatuma, naisoma tena barua ambayo haiwezi kurudi, natafuta kosa. Nalipata daima.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, alasiri baada ya swala nilikaa na Baba barazani nikimwonyesha video za magari yale kwenye simu. Zipo nyingi, watu wamezihifadhi. Picha zina chengachenga, lakini mlio uko palepale. Gari linatokea ndani ya vumbi likitema moto kwa nyuma, na watu wamejaa katikati ya barabara, wanapisha dakika ya mwisho kabisa.

"Baba, mbona wamesimama barabarani?"

"Wanataka kuligusa likipita."

"Ili iweje?"

"Ili wakasimulie."

"Na wale ambao hawakurudi kusimulia?"

"Hao tunawasimulia sisi. Rudisha nyuma, nione tena ile kona."

Nilirudisha. Jambo la ajabu ni kwamba nami nilianza kuyakumbuka magari hayo, mimi niliyezaliwa baada yake. Nilisoma kila kitu nilichokipata. Nilijua nani alikufa wapi na kwa kosa gani la usanifu, na kila nilichokisoma kilinitisha, na usiku uliofuata nilitafuta zaidi. Nadhani nilikuwa nawaonea wivu. Sikuwaonea wivu waliokufa. Nilimwonea wivu mtu anayeweza kukanyaga kitu leo, asijue kesho yake itafika na ukubwa gani, na asiinue mguu. Kizazi changu tunainua mguu kabla hata ya kupanda.

Katika kutazama video ndipo nilipogundua kuhusu macho. Baba hakuishika simu mbele yake kama watu wengine. Alikigeuza kichwa kidogo, akakigeuza tena, kama kuku anayeangalia punje. Kikombe cha chai nilichokiweka mkono wake wa kulia alikiangusha. Siku iliyofuata akakiangusha tena. Mama akasema ni uzembe wa wastaafu. Nilimpeleka hospitali mjini.

Daktari alisema ni presha ya macho. Inaanza kula pembeni, inakwenda katikati taratibu, bila maumivu, ndiyo maana watu wanachelewa kuijua. Kilichopotea hakirudi. Alitupa matone ya kulinda kilichobaki, na nilipomuuliza yatalinda kwa muda gani, alimtazama Baba badala ya kunitazama mimi.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika uani Baba hakuingia ndani. Alikwenda mpaka kwenye ghala akaweka mkono kwenye mlango.

"Nataka kuliendesha," akasema.

"Lipi?"

"Unalijua."

"Baba, daktari kasema pembeni huoni."

"Dereva hatazami pembeni. Anatazama mbele, na mbele naona. Pembeni ni kazi ya msomaji."

"Na msomaji yuko wapi?"

Akageuza kichwa mpaka akanipata. "Si wewe una shahada?"

Sikuweza kumkatalia, wala sikuweza kumkubalia. Nilikwenda kwa Mama nikitumaini kwamba yeye atakataa kwa niaba yangu. Alikuwa anamenya mihogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ningeweza kumzuia, ningemzuia tangu siku ya harusi." Kisha akapaza sauti ili Baba asikie kule nje: "Nenda! Ila huyo mtoto usije ukaniletea nusu!"

Hapo ndipo alipoingia mtani wa Baba. Ni mzee wa upande wa Masasi, fundi wa zile mashine za mgongoni za kupulizia dawa kwenye mikorosho, na zamani alikuwa fundi umeme wa magari. Kwa kuwa ni mtani, ana ruhusa ya kusema lolote nyumbani kwetu, na mtu hana ruhusa ya kununa. Tangu nimevunja ungo ananiita mchumba wake.

Tuliliondoa turubai pamoja. Nilitegemea kutu, panya, hata nyoka. Hapakuwa na kitu. Bodi lilikuwa jeupe na safi, na kulizunguka, na chini yake, na ndani ya boneti, kulikuwa na unga wa manjano.

"Hii nini, mtani?" fundi akauliza.

"Salfa," Baba akasema kwa fahari. "Kila msimu nikimaliza kupulizia mikorosho, inayobaki naizungushia gari. Panya hagusi, nyoka hasogei. Tazama, kuna hata waya mmoja uliotafunwa?"

Kwetu kila mtu angefanya hivyo. Salfa ndiyo dawa ya ugonjwa wa ubwiri unga kwenye mikorosho, tena tunainyunyiza mlangoni na pembeni mwa vitanda dhidi ya nyoka. Ni kitu tunachokiamini bila kukifikiria, hata mimi ninayefikiria kila kitu. Fundi aliinama akaushika waya mmoja, akaukunja. Ulivunjika kama kijiti cha mhogo kilichokauka. Shaba ya ndani ilikuwa nyeusi tii.

Alikaa chini kwenye sakafu, akaanza kucheka, lakini alikuwa anacheka kwa huruma.

"Mtani wangu, umeua. Salfa na shaba havikai nyumba moja, hasa na unyevu huu wa bahari. Umeliwekea sumu kila mwaka kwa mkono wako."

"Kwa hiyo panya ilikuwa afadhali?"

"Afadhali mara mia! Panya wangekula waya, nyie Wamakonde mngewala panya, hasara ingekuwa nusu! Siyo mnawaita samaki nchanga, samaki wa mchangani?"

"Nyamaza, wewe ambaye kwenu mnakula hata mitego."

"Mchumba, unamsikia baba yako? Ananitukana huku ananihitaji."

Baba alikuwa anatabasamu, lakini alikuwa ameuchukua ule waya mkononi, akiuvunja vipande vidogo vidogo. Miaka yote ile. Kila msimu alikuwa ameingia mle ghalani na debe, akainama, akalizungushia. Nilimtazama nikaona kwamba anahesabu moyoni, na nikahesabu naye. Fundi alisema kila waya utolewe, kila swichi, kila kiunganishi, na vingine havipo tena duniani ila kwa kutengeneza. Ingechukua muda. Na muda ndicho kitu ambacho daktari hakukitaja.

Nikiri kwamba siku ile, kwa dakika chache, nilipata ahueni. Nilifikiri salfa imenisaidia kusema hapana.

Fundi alikuja kila alipopata nafasi, na msimu wa korosho ulipoisha akaja zaidi. Waya zilitoka Dar kwa basi, nyingine zikaja zisizofaa, zikarudishwa. Mvua za masika zikakata barabara, tukangoja. Kila alipofika, fundi alisimama mbele ya Baba na kumuuliza, "Haya, unaniona?"

"Nakuona wote," Baba alijibu mara ya kwanza. "Bahati mbaya."

Baada ya mvua alijibu, "Leo naona kuanzia nyusi mpaka kidevu. Masikio yamekwenda, nimepumzika."

Na mahindi yalipokomaa: "Pua tu, mtani. Pua na mdomo. Lakini mdomo ndio mkubwa, kwa hiyo sijapungukiwa."

Tulicheka wote. Nilikuwa nimemtilia matone asubuhi na jioni bila kukosa, nikimshika kope kwa kidole, nikihakikisha tone limeingia, nikiwaza kama limeingia lote. Hayakusaidia, au yalisaidia na bila hayo ingekuwa mbaya zaidi. Hakuna namna ya kujua. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote, kwamba hata nikifanya kila kitu sawasawa hakuna mahali pa kutazama nikaona kwamba nimefanya sawasawa.

Wakati huohuo Baba alinifundisha kusoma. Karatasi zao za zamani zilikwisha kuliwa na mchwa, lakini hakuzihitaji. Tulikaa barazani kwenye viti viwili vya plastiki, yeye kulia, mimi kushoto, akashika ungo kama usukani. Alinitaka nitazame uani na nimsomee ua.

"Kushoto tatu, kuna mbuzi," nikasema.

"Umechelewa. Mbuzi tumeshamgonga."

"Kulia nne... nadhani nne, au tatu..."

"Msomaji hasemi nadhani! Unasoma kama mtu anayeomba radhi. Sema moja. Ikiwa si yenyewe tutakufa, lakini tutakufa tukijua tulikokuwa tunakwenda."

Mama alipita na ndoo ya maji. "Mkifika huko mnakokwenda, mniletee unga."

Mimi nilikuwa nimechagua mahali. Barabara ya Nanyamba haikuwezekana. Ile ya zamani haipo, imekuwa lami na kona zake zote zimenyooshwa, na ina malori. Nilipachagua kwa vigezo vyote nilivyofundishwa. Kati ya mikoko ya mdomo wa Ruvuma na mabwawa ya chumvi kuna uwanda mpana ambao bahari huufikia wakati wa bamvua tu, maji yakiwa makubwa. Kiangazi hukauka ukawa mgumu na mweupe, hauna mti, hauna jiwe, hauna mtu. Niliwauliza watu wa chumvi kuhusu maji. Nilikwenda kuutembea wote, nikaokota vijiti na kutupa kando, nikifukia matundu ya kaa kwa kisigino. Nilifikiri: hapa mtu asiyeona pembeni hawezi kugonga kitu, kwa sababu pembeni hakuna kitu.

Injini iliwaka siku moja asubuhi, upepo wa kusi ukivuma. Iligoma, ikakohoa, ikatoa moshi wa bluu uliojaza ghala, kisha ikanguruma, na kuku wote wa jirani wakapanda juu ya paa. Fundi alitoka mbio ghalani, uso wote mweusi, mikono juu kama aliyefunga goli. Alikwenda kusimama mbele ya Baba.

"Haya, mzee! Unaniona?"

Baba alikuwa anatabasamu kuelekea kwenye mlio. Aligeuza kichwa huku, akakigeuza kule. Aliendelea kukigeuza.

"Uko upande gani?" akasema.

Fundi alishusha mikono. 

Tungeweza kuishia hapo. Nililitegemea hilo. Lakini keshoye Baba alivaa suruali yake ya Idi, akakaa barazani na kungoja, na hakuna aliyethubutu kumuuliza anangoja nini. Lori la chumvi lililokuwa linarudi tupu lilikubali kutuvutia gari kwa kamba. Fundi alishika usukani nyuma ya lori, sisi tukakaa juu. Mama alikuja mpaka barabarani. Hakusema kuhusu nusu. Alimfunga Baba vizuri kifungo cha shati.

Uwandani jua lilikuwa kali na ardhi ilimeremeta hadi ikaumiza macho, mimi na fundi tukawa tunafinya. Baba peke yake alikuwa amefumbua. Fundi aliliwasha gari, akashuka, akaacha mlango wa dereva wazi. Tukamngoja Baba. Aligusa bodi kwa kiganja, akalifuata kwa mkono kuanzia nyuma, taratibu, akaufikia mlango ule uliokuwa wazi, akasita kidogo, kisha akaendelea kuzunguka mbele mpaka upande wa kushoto. Akafungua, akaingia, akajifunga mikanda bila kuitafuta.

"Panda," akaniambia.

"Baba, mimi siwezi kuliendesha."

"Panda, mwanangu. Injini inapata joto."

Nina leseni. Nimewahi kuendesha gari dogo la shangazi Dar es Salaam, lisilo na klachi, asubuhi za Jumapili. Nilipanda. Klachi ilikuwa nzito kiasi cha kulazimika kuinyanyukia, na nilizima injini mara kadhaa, fundi akija kuwasha tena bila kunitania, jambo lililonitisha zaidi. Mwishowe likaondoka. Gia ya kwanza, gia ya pili. Nikatulia hapo.

Baba akaanza kusoma.

"Mita mia, kushoto nne. Kulia tano, ndefu. Mchanga. Kushoto mbili, usikate kona."

Mbele yangu hapakuwa na kushoto wala kulia. Palikuwa na uwanda mweupe mpaka mikokoni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananisomea barabara ya Nanyamba, ile ya zamani. Sikujua nifanye nini. Kisha nikakata kushoto, hewani, kwenye kona isiyokuwepo. Nikakata kulia. Sauti yake haikuwa ile ya barazani. Ilikuwa ya kijana, kavu, haina haraka wala hofu, na maneno yalikuja yamepangana.

"Bismillahi, kisha kulia tatu. Daraja. Kanyaga fulu."

Lakini alikuwa anasoma kwa mwendo wa Tajiri. Mimi nilikuwa gia ya pili, mguu wangu ukiwa juu juu tu, na ile tabo haikuamka hata mara moja. Nilipomaliza kona moja yeye alikuwa ameshapita nne. Nilijaribu kukanyaga. Nililihisi gari likivuta pumzi, kitu kikianza kujikusanya nyuma ya mgongo wangu, na mguu wangu ukainuka wenyewe. Nilikuwa bado nazunguka kushoto, kona ambayo yeye aliiacha zamani, aliposema, "Msikiti kulia. Punguza. Tumefika."

Nikaendelea kidogo, sikujua nisimame wapi. Kisha nikasimama.

Nilimtazama. Alikuwa na jasho na alikuwa anapumua kwa nguvu, kama aliyefika kweli. Nami kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze nilisema kitu bila kukifikiria.

"Baba, shika wewe. Mimi nitakusomea. Hakuna kitu hapa, nimepatembea pote. Endesha."

Nilishuka, nikazunguka, nikamfungua mikanda, nikamshika mkono nikampeleka upande wa kulia. Alikaa. Nikamfunga. Nikakaa kushoto, mahali pake. Alishika usukani juu, chini, pembeni, akiupima ukubwa. Miguu yake ilitafuta, ikapata. Alikanyaga mafuta kidogo, injini ikapanda, akacheka kwa sauti. Alikanyaga zaidi. Mlio ulijaa uwandani kote, na ndege waliokuwa kwenye mabwawa ya chumvi wakaruka wote, na nilipotaka kumwambia nikakumbuka kwamba ndege si barabara.

Akakanyaga klachi. Akatia gia ya kwanza.

"Kuna nini mbele?" akauliza.

"Hakuna kitu, Baba. Peupe."

"Soma."

"Peupe," nikasema. "Peupe. Peupe."

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umebana klachi mpaka chini. Nilikuwa nautazama. Ulianza kutetemeka, goti kwanza, kisha paja zima. Nilisema peupe tena. Nilijitahidi isisikike kama naomba radhi. Nilitaka auachie, Mungu ananijua, nilitaka auachie, hata kama kesho ingekuja yote kwa pamoja. Sikuwa na neno jingine la kumsomea. Hakukuwa na kona, wala jiwe, wala mti, hakukuwa na kitu chochote nilichoweza kukitaja ili ajue yuko wapi.

Mkono wake ukaenda kwenye gia, ukaitoa.

Mguu ukatoka kwenye klachi, mlio ukashuka. Akakaa na mikono mapajani.

"Zima wewe," akasema.

Swichi ya gari lile iko upande wa dereva, karibu na dirisha. Ilibidi nijinyooshe kutoka kushoto. Mkono wangu ulipita mbele ya uso wake, karibu kabisa, na hakupepesa macho. Nikazima.